Chunusi za mgongoni: soma boksi kabla ya kupaka

Haya ni mazungumzo ya mganga wa zahanati mbele ya wanakisomo wa kijiji kimoja. Tumeyaandika kama alivyoyasema, pamoja na maswali ya wasikilizaji.

 

Leo nimeombwa nizungumze juu ya chunusi. Si za usoni tu. Nazungumza hasa juu ya zile za mgongoni, za kifuani na za mabegani, ambazo nguo inazificha. Najua wengine mnacheka moyoni. Mnasema: huyu mganga ana malaria ya kutibu, ana wajawazito na watoto wa kupima uzito, chunusi ni kitu gani?

Sikilizeni basi. Chunusi zenyewe haziui. Lakini baadhi ya vitu tunavyopaka ili kuziondoa vinaharibu ngozi, vinaharibu figo, na vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vitu hivyo vinauzwa gulioni, na majina yake yameandikwa juu ya boksi. Ninyi sasa mnajua kusoma. Ndiyo maana nimekuja kwenu na chaki.

Chunusi ni nini?

Tazameni ubaoni. Nimechora mtungi mdogo wenye shingo nyembamba. Ngozi yetu ina vitundu vingi sana kama mtungi huu. Katika kila kitundu kuna mzizi wa unywele, na kando yake kuna kifuko kinachotengeneza mafuta. Mafuta hayo ni mazuri. Yanapanda juu na kulainisha ngozi. Vifuko hivyo ni vingi usoni, kifuani, mabegani na mgongoni. Kwa hiyo chunusi hupenda kutoka huko, wala hazitoki katika kiganja cha mkono.

Mtoto anapobalehe, mwili wake hutoa vichocheo vipya vinavyoitwa homoni. Vichocheo hivyo huviambia vile vifuko: ongezeni mafuta. Wakati huohuo ngozi iliyokufa huganda katika shingo ya mtungi na kuiziba. Mafuta yanakosa njia. Ndani yake kuna vijidudu vidogo ambavyo kila mtu anavyo, mwenye chunusi na asiye nazo. Vikipata mafuta yaliyoziba, vinastawi. Mwili unapigana navyo. Hapo pahali panavimba, panauma, panatunga usaha. Hiyo ndiyo chunusi.

Sasa pimeni wenyewe maneno tunayoyasikia. Eti chunusi ni damu chafu. Si kweli, damu haina kosa. Eti ni dalili ya mtu anayewaza mapenzi. Si kweli. Eti akioa au akiolewa zitaisha. Ndoa si dawa ya ngozi. Eti ni kurogwa. Hapana. Eti zinaambukiza, tusilale naye kitanda kimoja. Haziambukizi hata kidogo. Eti ni mtu asiyeoga. Hapana, wapo wanaooga mara 3 kwa siku nao wanazo.

Maneno hayo yanaumiza. Kijana anakataa kuvua shati akicheza mpira. Msichana anajifunika khanga hata jua linapowaka. Karibu nusu ya watu wenye chunusi usoni wanazo pia mwilini, lakini kwa sababu zinafichwa, kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Mambo yanayozizidisha

Mtu mwenye asili ya kutoka chunusi anaweza kuzizidisha bila kujua. Kwanza ni jasho na joto chini ya nguo inayobana, hasa nguo ya nailoni. Pili ni msuguano. Kamba ya mkoba, gunia la mkaa begani, mzigo wa kuni mgongoni, vyote vinasugua vile vitundu mpaka vinaziba.

Tatu ni mafuta tunayojipaka. Mafuta ya mgando, ya nazi, samli na mafuta mazito ya nywele yanaweza kuziba vitundu kwa mtu mwenye chunusi. Akina dada, mafuta ya nywele yanateremka shingoni na mgongoni mnapolala. Funga kitambaa kichwani, na kifue mara kwa mara. Ngozi ya miguu ikikauka, paka mafuta miguuni. Mgongo wenye chunusi uache bila mafuta mazito.

Nne ni baadhi ya dawa za hospitali. Hapa naomba mnisikie vizuri. Katika vidonge vya kifua kikuu imo dawa inayoweza kumtoa mtu vipele kama chunusi kifuani na mgongoni. Baadhi ya dawa za kifafa na sindano za uzazi wa mpango nazo zinaweza. Ukiona hivyo, usiache dawa! Mgonjwa wa kifua kikuu akiacha vidonge kwa sababu ya chunusi, ugonjwa utarudi kwa nguvu, na huenda dawa zile zisiuweze tena. Njoo zahanati tuzungumze.

Juu ya chakula, utafiti unaonyesha kwamba vyakula vya sukari nyingi, kama soda na peremende, vinaweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya watu. Kwa hiyo punguza soda. Lakini usimnyime mtoto karanga, mayai au maharage kwa ajili ya chunusi. Anavihitaji akue.

Je, ni chunusi kweli?

Kabla ya kutibu, tambua. Si kila kipele ni chunusi.

Vikiwasha sana usiku, vikiwa kati ya vidole na kiunoni, na watu wa nyumba nzima wanajikuna, huo ni upele. Upele unaambukiza, na nyumba nzima inatibiwa pamoja.

Vikiwa vidogovidogo vimetokea ghafla wakati wa joto kali, vinachomachoma na kupotea mwili ukipoa, hiyo ni harara.

Vikiwa vya kufanana vyote, vinawasha mgongoni na kifuani, wala havina vichwa vyeusi, huenda ni fangasi ya vinyweleo. Hiyo ina dawa yake nyingine, na vidonge vya kuua vijidudu vinaweza kuizidisha.

Likiwa limoja kubwa lenye maumivu, hilo ni jipu. Mtu anayetoka majipu mara kwa mara apimwe kisukari.

Likiwa baka lisilosikia ukiligusa, njoo haraka tuangalie kama ni ukoma. Ukoma unapona, lakini usicheleweshwe. Na vipele vinavyotoka pamoja na homa kali, usivitibu nyumbani.

Chunusi zina sura yake. Utaona vichwa vyeusi, vichwa vyeupe, vinundu vyekundu au vyeusi vyenye kuuma, na baadhi vina usaha, vyote vimechanganyika. Mara nyingi haziwashi sana.

Hatari ya mkorogo

Sasa tumefika mahali penyewe. Ngozi yetu nyeusi ina jambo lake. Chunusi ikipona, inaacha doa jeusi. Doa hilo si kovu. Ni rangi ya ngozi iliyozidi mahali palipovimba, na litafifia lenyewe, ingawa huchukua miezi mingi. Lakini mwenye nalo hana subira. Anakwenda gulioni. Anaambiwa: chukua hii, wiki moja tu utang'aa.

Anapaka. Wiki moja, kweli, uvimbe umekwisha na ngozi imeng'aa. Anafurahi. Mwezi wa pili, vipele vinatoka kifuani na mgongoni, vingi kuliko vya kwanza. Anaongeza dawa. Vinaongezeka. Akiacha, ngozi inawaka moto. Amekwisha nasa.

Kwa nini? Kwa sababu ndani ya krimu nyingi za namna hiyo imo dawa kali iitwayo steroidi. Daktari huitumia kwa magonjwa mengine ya ngozi, kwa kipimo na kwa siku maalumu. Ukiipaka ovyo, inatoa chunusi yenyewe. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi na kupata michirizi isiyofutika. Siku ukihitaji kupasuliwa hospitali, kidonda chako kinapona kwa shida.

Nyingine zina zebaki. Zebaki inapenya ngozini, inaingia katika damu na kuharibu figo. Kwa mama mjamzito inamfikia mtoto. Dunia imeliona jambo hili. Upo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 juu ya zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyenye zebaki vikomeshwe ifikapo mwaka 2025. Lakini mkataba hausimami gulioni kumkamata mkono mnunuzi. Wa kujilinda ni wewe.

Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wa buluu usiotoka.

Toeni madaftari. Nayaandika majina haya kama yanavyoandikwa kwenye boksi. Yanakili herufi kwa herufi:

CLOBETASOL, tunasoma klobetasoli.
BETAMETHASONE, tunasoma betamethasoni.
HYDROQUINONE, tunasoma haidrokwinoni.
MERCURY, tunasoma merkuri, yaani zebaki.

Ukiliona mojawapo katika kitu unachouziwa kwa ajili ya chunusi au kung'arisha ngozi, rudisha. Na kama kimo katika kopo lisilo na maandishi, au muuzaji amekichanganya mwenyewe, usinunue kabisa. Wenye zebaki mara nyingi hawaiandiki.

Tuzitibu namna gani?

Matibabu yana hatua 3. Hayana haraka, lakini yanafaa.

Hatua ya kwanza ni kuoga kwa upole. Oga mara 1 au 2 kwa siku kwa sabuni ya kawaida isiyo kali. Ukitoka shambani umetota jasho, oga mapema, au jifute kwa kitambaa kibichi safi na ubadilishe shati. Usijisugue kwa jiwe, mchanga wala dodoki gumu. Usioge kwa sabuni ya unga ya kufulia. Chunusi iko ndani ya mtungi. Ukisugua nje unaujeruhi mdomo wa mtungi tu, nao unavimba zaidi. Vaa nguo ya pamba isiyobana. Fua shuka na mashati. Ukibeba mzigo, weka kitambaa safi chini ya kamba.

Hatua ya pili ni dawa ya kupaka. Andikeni jina lake: BENZOYL PEROXIDE, tunasoma benzoili peroksidi. Hii ni dawa nzuri ya siku nyingi. Inaua vile vijidudu na kusaidia kufungua vitundu. Waulize wenye duka la dawa lenye kibali. Kwenye boksi pana namba: 2.5, 5 au 10. Hiyo ni nguvu ya dawa kwa kila sehemu 100. Anza na 2.5 au 5. Kumi inachoma zaidi, na mara nyingi haileti faida kubwa zaidi.

Itumie hivi. Wakati wa kuoga jioni, paka dawa kidogo mgongoni na kifuani. Hesabu dakika 2 mpaka 5. Kisha suuza vizuri kwa maji. Wiki ya kwanza fanya siku moja, siku ya pili pumzika. Ngozi ikizoea, fanya kila siku. Mgongo hauufikii peke yako, kwa hiyo mwombe mwenzako wa nyumbani akupake. Paka eneo zima linalotoka chunusi, usipake kipele kimojakimoja. Jihadhari na macho. Na jambo jingine: dawa hii inachujisha rangi ya nguo! Tumia taulo au kitambaa cheupe, la sivyo khanga yako mpya itatoka mabaka meupe.

Usipoipata, iko dawa nyingine ya kupaka iitwayo asidi ya salisili, na pia sabuni ya salfa. Si kali kama ile ya kwanza, lakini zinamsaidia mwenye chunusi chache.

Hatua ya tatu ni subira. Jamani, hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Wiki 2 za kwanza ngozi inaweza kukauka kidogo. Usikate tamaa. Nafuu huonekana baada ya wiki 6 mpaka 8, na matokeo kamili baada ya wiki 12 hivi, yaani miezi 3. Mkulima hapandi mahindi Jumatatu akavuna Ijumaa. Andika tarehe ya kuanza ukutani au katika daftari. Hesabu wiki. Zikipungua, endelea, ili zisirudi.

Na usitumbue! Ukikamua, nusu ya usaha inatoka nje na nusu inasukumwa ndani. Kifua, mabega na mgongo wa mtu mweusi ni mahali pepesi kuota makovu yanayotuna kama kamba. Kutumbua kwa dakika moja kunaweza kukuachia kovu la maisha.

Lini uje zahanati?

Njoo kama vinundu ni vikubwa, vinaingia ndani na kuacha makovu. Njoo kama umetumia dawa vizuri miezi 3 bila nafuu. Mwanamke ambaye hedhi zake zimevurugika na anaota ndevu naye aje. Na ukiwa na chunusi kubwa zenye kidonda pamoja na homa na maumivu ya viungo, usingoje, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Tunaweza kukupa vidonge vya doksisiklini kwa muda maalumu, kwa kawaida usiozidi miezi 3, pamoja na ile dawa ya kupaka. Vidonge hivi havifai kwa mama mjamzito wala watoto wadogo. Vimeze kwa maji mengi, ukiwa umekaa au umesimama, usilale papo hapo. Na jikinge na jua, maana vinafanya ngozi iungue upesi.

Kwa chunusi kali sana ipo dawa iitwayo isotretinoini. Hiyo ni ya daktari wa ngozi peke yake. Inaharibu vibaya mimba changa, kwa hiyo mwanamke haimezi bila kuhakikisha kwamba hana mimba na hatapata.

Wataalamu wa ngozi wapo katika nchi yetu. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992. Kinafundisha watu kutoka nchi nyingi za Afrika. Uliza katika hospitali ya wilaya kama yuko mtaalamu wa ngozi karibu nawe.

Maswali ya wasikilizaji

Mama mmoja: Bwana Mganga, mimi nanyonyesha, na mtoto namfunga mgongoni. Nikipaka hiyo dawa haitamdhuru?

Mganga: Swali zuri, mama. Ipake jioni wakati wa kuoga, kisha isuuze yote kwa maji. Usipake kwenye matiti. Asubuhi vaa nguo safi ya pamba kabla ya kumfunga mtoto. Ukifanya hivyo hakuna taabu.

Kijana: Mimi hufungua kidonge cha rangi mbili nikanyunyizia unga wake kwenye chunusi. Je, ni vibaya?

Mganga: Acha, ndugu yangu. Kidonge kile kilitengenezwa kwa kumeza. Ukikinyunyiza, unawafundisha vijidudu kuizoea dawa, na siku ukiugua kweli, dawa haitafanya kazi.

Mzee mmoja: Sisi zamani tulipaka ndimu. Mbona hatukufa?

Mganga: Hamkufa, mzee wangu, ni kweli. Lakini ndimu inachoma ngozi, na ukienda juani inaacha madoa meusi zaidi. Ndimu tule na samaki.

Dada mmoja: Mimi nimekwisha tumia hizo krimu ulizoandika, karibu mwaka mzima. Nikiacha, ngozi inawaka. Nifanye nini?

Mganga: Dada, usione haya. Wako wengi kama wewe. Njoo zahanati, na uje na boksi lake. Mtu aliyeitumia muda mrefu anahitaji kusimamiwa anapoiacha. Ngozi itasumbua kwa wiki au miezi, halafu itatulia. Kurudi kwenye krimu ile ndiko kutakakokurudisha nyuma.

Neno la mwisho

Wazee wetu hapa wanakumbuka mwaka 1973, ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana. Kisha hawakuishia kwenye maneno. Walitoka wakachimba vyoo. Nawaomba nanyi mfanye vivyo hivyo. Leo mkifika nyumbani, chukueni kila kopo na kila tyubu mnayopaka. Someni maandishi yake. Msomeeni na jirani asiyejua kusoma. Mkikuta jina mojawapo nililoandika ubaoni, leteni zahanati.

Na kama kuna kijana nyumbani mwenye chunusi mgongoni, msimcheke. Mwambieni kwamba ni ugonjwa wa ngozi, una dawa, na unahitaji miezi 3 ya subira.



Mambo ya kukumbuka

1. Chunusi haziletwi na uchafu, uchawi wala damu mbaya. Haziambukizi.
2. Usitumbue, usisugue, usipake ndimu.
3. Usiache dawa za kifua kikuu kwa sababu ya chunusi.
4. Soma boksi. Kopo lisilo na maandishi usinunue.
5. Paka dawa jioni, suuza, hesabu wiki 12.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini chunusi hutoka mgongoni lakini hazitoki kiganjani?
2. Utautofautishaje upele na chunusi?
3. Katika gulio lenu kunauzwa krimu gani za kupaka? Boksi zake zimeandikwa nini?